Chura Asiyelia wa Usambara Mashariki

(SAUTI: Vyura wakilia usiku wa mvua. Inafifia.)

MTANGAZAJI: Msikilizaji, hao uliowasikia ni vyura wa matete, wale wadogo wanaokaa kwenye majani ya kandokando ya bwawa. Dume huita jike, na kila aina ina mlio wake. Mtafiti mwenye sikio zuri huwatambua bila kuwasha tochi.

Mwenzao mmoja hayumo katika sauti hizo. Anaishi hapa hapa Tanga, katika misitu ya Amani wilayani Muheza, na yumo pia milima ya Nguru na Uluguru. Jina lake la kitaalamu ni Hyperolius burgessi, alilopewa mwaka 2015. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa aina moja na chura wa Malawi na Msumbiji.

Umbo lake halizidi ncha ya kidole gumba, na dume wake halii. Mmulike kooni, utaona vijiiba vidogo vimetapakaa. Wataalamu wanadhani jike humtambua dume kwa kuvigusa vijiiba hivyo.

Mayai hubandikwa kwenye jani lililoinamia maji, yakiwa ndani ya ute. Yakianguliwa, viluwiluwi hudondoka majini. Ukifyeka vichaka vyote vya ukingoni, maji yatabaki, lakini jani la kutagia halitakuwepo.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Huyu hana hata hizo kelele, ndiyo maana ni rahisi kumsahau. Dimbwi likiwa kimya, usiseme halina kitu.

Faida ya vichaka hivyo ni yetu pia. Vijito vya misitu hiyo humwaga maji katika mto Zigi, nao hujaza bwawa la Mabayani linalonywesha jiji la Tanga. Vichaka vinavyomhifadhi chura ndivyo vinavyozuia udongo usiingie mtoni.

Basi, ndugu mkulima wa iliki na viungo vingine, usilime hadi ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu chanzo cha maji, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wala usioshee bomba la dawa dimbwini: chura hunywa kwa ngozi, na sumu humwingia humo humo.

Wiki ijayo tutamzungumzia kinyonga wa Usambara.

(MUZIKI)