Kustanji kwa Mpira wa Maji: Twahara Inaanzia Chooni

(Maneno haya yalitolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya Tarawehe. Tumeyachapa kwa ombi la waliohudhuria.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Ndugu zangu vijana, baba zangu, na mama zangu mlio nyuma ya pazia, maudhui niliyopewa leo hata mwenyekiti alipoitaja alikuwa akitazama chini. Ni kustanji, na hasa kustanji kwa ule mpira wa maji wenye kichwa cha kubonyeza, ambao sasa umeenea katika vyoo vya majumba na misikiti yetu. Waarabu huuita shatafu. Naona kule nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni sasa mmalize, maana nikifika katikati kuna mambo ya saumu zenu na swala zenu.

Haya ni katika imani, hilo hakuna anayebisha. Lakini haya ikimzuia mtu kujua dini yake, hiyo imeshakuwa kitu chengine. Bibi Aisha (RA) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kuielewa dini. Na yeye mwenyewe, katika hili hili la kustanji, aliwaambia wanawake wawaamrishe waume zao watumie maji, kwa kuwa alikuwa akiona haya kuwaambia wanaume hao yeye, na akasema ndivyo alivyokuwa akifanya Mtume (SAW). Tazameni hekima yake: haya yake ilibaki, na ujumbe ulifika. Salman Al-Farsy (RA) naye alipokejeliwa na washirikina kwamba Mtume wenu anawafundisha kila kitu hata namna ya kwenda haja, hakuona aibu. Alijibu ndio, kisha akawahesabia: tusielekee Qibla, tusistanji kwa mkono wa kulia, tusipunguze mawe matatu, tusitumie mfupa wala kinyesi cha mnyama.

Na mnaijua hadithi ya makaburi mawili, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (RA). Mmoja wa wale wawili alikuwa akiadhibiwa kwa fitina ya kupeleka maneno. Wa pili alikuwa hajikingi na mkojo wake. Sasa mtu anafunga siku thelathini, anasimama Tarawehe mpaka miguu inavimba, na kanzu yake ina matone ya mkojo aliyojirushia mwenyewe kwa mpira kwa sababu hakuna aliyemuonyesha. Madrasa tumefundishwa mawe matatu, tukayahifadhi vizuri. Mpira ulipokuja kila mtu alijifundisha mwenyewe.

Kabla sijafika huko, nataka kuwatoa vijana dhana moja, kwamba kujisafisha kwa maji ni jambo la kizamani na karatasi ndiyo ustaarabu. Nendeni Gede, pale karibu na Watamu. Katika nyumba za mawe za mji ule, ambao ulistawi katika karne ya 15, mtaona vyoo vya shimo na kando yake mahali pa kujisafishia kwa maji. Lamu nyumba za kale zina birika la maji ndani ya choo, na chini ya birika wazee walijengea bakuli za kauri ambamo samaki wadogo walijificha maji yakipungua. Samaki hao walikula viluwiluwi vya mbu. Huo ndio ushamba tunaouonea haya!

Wazungu nao wana chombo chao, bidet, kilichoanzia Ufaransa. Ni beseni la chini lenye bomba, mtu hulikalia kama anayepanda mnyama, na jina lenyewe kwa Kifaransa ni farasi mdogo. Italia tangu mwaka 1975 sheria inataka kila nyumba iwe nalo. Wajapani mwaka 1980 wakatoa kiti cha choo kinachorusha maji chenyewe, kwa umeme. Na mwaka 2020 korona ilipoingia na karatasi za chooni zikaisha madukani kule Marekani, wengi ndipo walipokimbilia kununua vifaa vya maji. Kwa hivyo kijana ukiwa hosteli unapita na kikopo chako mkononi, usikifiche kwenye shuka.

Haya, tuingie chooni. Dua isomwe nje kabla ya kuingia, mguu wa kushoto utangulie, hayo mnayajua.

La kwanza ni kwamba mpira haubadilishi hukumu. Kinachotakiwa ni najisi iondoke: umbile lake, rangi yake na harufu yake. Nguvu ya maji si sharti. Wengi wanabonyeza mpira mpaka mwisho, maji yanapiga najisi, najisi inaruka mapajani, kwenye kiti, kwenye pindo la kanzu, na mtu anatoka na twahara pungufu kuliko alivyoingia. Ukiwa na karatasi, tangulia kupangusa mara tatu au zaidi mpaka umbile liondoke, kisha ndio maji. Hii ndiyo bora kwa maulamaa, kukutanisha kikavu na maji, na karatasi inasimama mahali pa mawe. Faida yake unaiona mwenyewe: mkono haugusi uchafu mwingi, maji yanatosha kidogo, na hakuna kinachoruka.

Kisha fungua koki ya ukutani nusu tu. Elekeza mpira ndani ya choo kwanza, ubonyeze polepole, uone nguvu yake. Presha ya leo si ya jana, leo tangi la juu limejaa, jana lilikuwa tupu. Mkono wa kulia ushike mpira, wa kushoto uoshe, vile vile kama tulivyokuwa tukifanya na kopo. Inama kidogo, maji yateremke chini, yasirushwe juu. Haja ndogo ioshwe kwanza, kisha kubwa.

Mama zangu na dada zangu, nyinyi hili ni afya pia. Maji na mkono viende kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe visirudi. Vijidudu vya njia ya haja kubwa vikifika mbele huleta maradhi ya njia ya mkojo, na kwa mwanamke njia hiyo ni fupi, ndiyo maana yanawapata haraka. Wafundisheni mabinti tangu wadogo. Wala maji yasirushwe ndani, wala sabuni za manukato zisipelekwe huko. Ndani pana kinga yake aliyoiweka Allah (SW), na ukiivuruga unakaribisha mwasho na maradhi. Sheria yenyewe haikutaka hayo: kinachooshwa ni kile kinachodhihiri mtu anapochutama.

Na hapa ndipo Ramadhan inapoingia. Sisi tuliosoma Safina tunajua kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafii, kitu kikiingizwa ndani ya mwili kupitia tundu lililo wazi, kwa kusudi na mtu akijua, saumu inabatilika. Vitabu vyetu vikataja hata ncha ya kidole wakati wa kustanji. Wako maulamaa wengine, kama Ibn Taymiyya, waliokuwa na kauli nyepesi zaidi katika mlango huu, hata kuhusu dawa inayotiwa kwa njia ya nyuma. Lakini sisi hapa kwetu tunafuata Shafii, basi mchana wa saumu mpira wenye presha kali si wa kuchezea. Osha nje, kwa upole, bila kusukuma maji ndani. Maji yanayopita juu ya ngozi hayana neno kabisa, na nasema hivi kwa sababu kuna mtu atatoka hapa leo aache kustanji mchana akihofia saumu. Huyo atakuwa ameokoa saumu isiyokuwa hatarini na kupoteza swala tano. Mwenye maradhi yake maalumu, bawasiri na mfano wake, amfuate sheikh faragha aulize.

Kuna ndugu zetu wengine tatizo lao ni kinyume. Anaingia chooni adhana ya Alasiri, anatoka imamu ametoa salamu. Anaosha, anashuku, anaosha tena. Wazee wetu wana methali, na mama zangu mtanisamehe, kuchamba kwingi mtu huondoka na mavi. Hiyo ni methali ya watu waliojua fiqhi! Baada ya haja ndogo subiri kidogo, kohoa ukipenda, mkojo ukatike, osha, basi. Yakini haiondolewi na shaka. Ukihisi unyevu na hujui ni nini, nyunyizia nguo yako maji kidogo, ujiambie ni yale maji, ukaswali. Sakafu ya choo ikiwa majimaji na hukuona najisi, usiihukumu kuwa najisi.

Sasa usafi wa mpira wenyewe. Kile kichwa kinashikwa na kila mtu, wengi kwa mkono ambao haujaoshwa. Kinataka kuoshwa kwa sabuni kila siku, na kiangikwe kwenye ndoana yake, kisilale sakafuni. Kibaya zaidi ni kukiacha ndani ya choo au ndani ya ndoo. Presha ikishuka, na hapa kwetu maji hukatika bila hodi, mpira unaweza kufyonza maji machafu ukayarudisha kwenye bomba lile lile linalopeleka maji jikoni. Ukimaliza funga koki ya ukutani, usitegemee kile kibonyezo tu. Mipira hupasuka usiku nyumba ikafurika. Pangusa kiti, anayekuja baada yako asikute bwawa. Jikaushe kwa karatasi au kitambaa chako peke yako, si kile kimoja cha nyumba nzima. Na mikono ioshwe kwa sabuni, sio kuchovya vidole tu.

Wasio na mpira, na ndio wengi, wana masala yao. Ndoo ya lita ishirini na kopo. Kwa Shafii maji yasiyofika qullatain, yaani kama lita mia mbili hivi, yakiingiwa na najisi yananajisika papo hapo hata kama hayakubadilika rangi wala harufu. Maana yake ukichovya ndani ya ndoo mkono unaostanjia, ndoo nzima imekwenda, na mwenzako anayekuja kutawadhia humo hajui. Teka kwa mkono safi, mimina, na kopo liwekwe juu ya kitu, lisikae pale miguu inapopita. Ndoo ya kutawadhia iwe mbali na ya chooni.

Halafu tusifanye israfu. Mtume (SAW) alitawadha kwa mudd moja, nayo ni mfano wa viganja viwili vilivyojaa, na akakoga kwa pishi moja, lita tatu hivi. Sisi tuko Mombasa, mji unaoletewa maji ya Mzima kutoka Tsavo, zaidi ya kilomita mia mbili, na bado kuna mitaa inanunua maji ya mkokoteni kwa mtungi. Nyumbani jaribuni hivi: fungulieni mpira ndani ya ndoo mkihesabu mpaka thelathini, mtazame yamepanda wapi. Kisha mjiulize jana mlikaa muda gani.

Nimeusema sana mpira, niuseme na uzuri wake. Mzee asiyeweza tena kuchutama, mgonjwa aliyepooza mkono, mama aliyejifungua kwa kupasuliwa, wote hawa walikuwa wakingojea mtu wa kuwasafisha. Mpira uliowekwa kimo chao, upande wa mkono wanaouweza, pamoja na kishikio ukutani, unawarudishia sitara yao. Vijana wenye kazi za mikono, hilo ni la kufanya kabla ya Idi kwa nyanya zenu, na gharama yake haifiki viatu vya sikukuu.

Kamati za misikiti nazo, kumi la mwisho linakuja na watu wataingia itikafu. Zulia jipya limeshanunuliwa, tumeliona, Allah awalipe. Lakini choo cha tatu upande wa wanawake mpira wake umekatika na umefungwa kwa nailoni, kule kwa wanaume koki mbili hazifungi, na sabuni hakuna vyoo vyote. Tukitoka hapa nitasimama mlangoni na daftari. Anayejua kazi ya mabomba aandike jina, asiyejua alete sabuni.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.