Fuvu Lisitupwe



Najua wapo wazazi wa wahitimu wa sayansi za bahari wanaojiuliza kijana wao amekaa miaka yote hiyo akisoma samaki gani. Niwajibu kwa mnyama mmoja, tena si samaki: pomboo mwenye nundu, anayeonekana Kizimkazi na Shimoni.

Kwa miaka mingi wataalamu wengi walitambua spishi mbili tu za pomboo hawa. Moja ni ya Afrika Magharibi; nyingine iliachiwa bahari yote kuanzia Afrika Kusini hadi China na Australia. Macho tu yalitosha kutia shaka. Wa kwetu ni wa kijivu, ana nundu kubwa chini ya pezi la mgongoni. Wa China hana nundu, na akikomaa hugeuka waridi.

Lakini umbo peke yake hudanganya, maana umri na mazingira hubadili mwili. Vinasaba navyo vina walakini: vile vya mitokondria hurithiwa kwa mama, habari za baba havina. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa 2013 ulipima mafuvu 180 na sampuli 235 za tishu, ukasoma vinasaba vya mitokondria na vya kiini cha seli. Ushahidi wote ukaelekea kwenye spishi nne. Mwaka 2014 wanasayansi Thomas Jefferson na Howard Rosenbaum wakampa wa Australia jina, Sousa sahulensis. Wetu akabaki na Sousa plumbea, jina lililotokana na mwanasayansi Cuvier tangu 1829.

Huu si ugomvi wa majina, jamani. Pomboo wetu alipotazamwa peke yake, ilidhihirika amebaki mchache, na shirika la uhifadhi la IUCN likamworodhesha miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Hupenda maji mafupi karibu na ufuo, palepale jarife linapotegwa.

Na kazi haijesha. Vinasaba vya pomboo wa Bangladesh vimeonyesha tofauti kubwa na jamaa zao, na mafuvu ya kulinganisha ni haba.

Basi, wahitimu, mkipigiwa simu kwamba jarife limetoa pomboo aliyekufa, nendeni siku hiyohiyo. Pimeni mwili, hesabuni meno, kateni kipande cha ngozi mkitie kwenye spiriti, na fuvu lisitupwe. Yule mvuvi msimkaripie. Mkimkaripia, pomboo atakayefuata atatoswa baharini usiku, nanyi hamtapata habari.