Asili ya Neno Firdausi



Mtu atokaye Vingunguti wakati wa kiangazi, akashuka bondeni kwa Mto Msimbazi, huacha nyuma yake njia za vumbi, na chini penye maji huona matuta ya mchicha uliostawi. Jambo hilo dogo litatusaidia kufahamu jambo kubwa: kwa nini vitabu vya kale hutaja raha ya Peponi kwa mfano wa bustani?

Tuanze na neno Firdausi. Sisi watu wa pwani tulilipokea kwa Waarabu, na asili yake ni lugha za kale za Uajemi, ambako maana yake ilikuwa mahali palipozungushiwa ukuta. Wafalme wa Uajemi walipenda bustani za namna hiyo. Huko Pasargadae, mji wa Mfalme Koreshi aliyekufa mwaka 530 kabla ya Kristo, mifereji ya mawe iliyopitisha maji bustanini yaonekana hata leo. Wayunani nao walilichukua neno hilo, na waliofasiri Torati kwa Kiyunani wakaliita hivyo shamba la Edeni.

Lakini hadithi ina umri kuliko neno. Kitabu cha Mwanzo chataja mito minne, na miwili kati yake, Hidekeli na Frati, ingali ikipita katika nchi ya Iraki. Wasumeri waliokaa huko waliandika juu ya vibao vya udongo habari za Dilmuni, nchi safi isiyojua ugonjwa wala uzee. Wataalamu wengi husema Dilmuni ni Bahareni, kisiwa kilichosifika kwa chemchemi za maji matamu.

Tena, miaka 20,000 iliyopita, Ghuba ya Uajemi ilikuwa bonde, kisha bahari ikalifunika. Mwaka 2010 mtaalamu Jeffrey Rose alitoa rai kwamba watu walikaa humo kabla ya gharika hiyo. Wengine huona hapo kumbukumbu ya Edeni. Lakini hiyo ni dhana, haijathibitika.

Je, utafiti huu wavunja imani? Hasha. Hausemi kama Pepo ipo au haipo. Wasema tu kwamba watu wa nchi ya jua kali, walipotaka kueleza raha isiyoonekana, walitaja walichokithamini mno: maji, kivuli na ukuta wa kuzuia madhara. Mkulima wa Msimbazi, aamkaye alfajiri kumwagilia matuta yake, hahitaji mwalimu wa kumfasiria maneno hayo.