Mama Kevina na Sadaka Isiyokufa na Mtu



Katika mji wa Same kipo kituo kinachohudumia watoto wenye ulemavu wa viungo, nacho huitwa kwa jina la Mama Kevina. Wengi hulitaja jina hilo bila kumjua mwenyewe. Yafaa ajulikane, maana habari zake zina mafunzo kwa wanaushirika.

Mama huyo alizaliwa Ayalandi mwaka 1875, akaitwa Teresa Kearney. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa, na mama yake akafariki binti akiwa na umri wa miaka kumi. Akalelewa na bibi yake. Alipokua aliingia utawa, na tarehe 15 Januari 1903 akawasili Uganda pamoja na masista wenzake watano. Huko Nsambya, Kampala, walianza kuwatibu wagonjwa chini ya mwembe. Ndiyo asili ya hospitali ya Nsambya.

Zamani hizo sheria za Kanisa Katoliki hazikuwaruhusu masista kuzalisha, hali akina mama walikuwa wakifa kwa uzazi. Mama Kevina hakukaa akikunja mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alishirikiana na Dakta Evelyn Connolly, ambaye hakuwa mtawa, wakaanzisha mafunzo ya wauguzi na wakunga kwa wasichana wa Uganda. Katazo lile Roma ililiondoa mwaka 1936. Kufikia hapo wenyeji walikuwa wamekwisha kuishika kazi.

Mwaka 1923, huko Nkokonjeru, aliunda shirika la watawa Waafrika, yaani Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Shirika hilo lilienea hata Kenya na Tanzania, na ndilo linalokiongoza kituo cha Same. Katika miaka ya 1930 yalifunguliwa pia makao ya wagonjwa wa ukoma huko Nyenga na Buluba.

Mwaka 1955 alitimiza miaka 80, akapelekwa Boston, Marekani. Mzee mwingine angaliomba kiti kivulini. Yeye alishika kazi ya kuchangisha fedha kwa ajili ya Afrika, na hakuiacha hata alipofariki tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili wake ulirudishwa Uganda, ukazikwa Nkokonjeru. Waganda nao walilifanya jina Kevina kuwa neno la lugha yao, maana yake hospitali au nyumba ya huruma.

Ndugu wajumbe, Wapare hawana haja ya kufundishwa maana ya kuitana kazini. Baragumu la msaragambo linapolia, apigaye baragumu hachimbi mfereji peke yake, wala hazibui ndiva peke yake. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila nyumba imetoa jembe. Ndivyo alivyofanya Mama Kevina: aliita watu, akawafundisha, kisha akawakabidhi.

Na wazee wa namna hiyo tunao. Katika makanisa ya milimani, tangu Usangi hata Mamba, hakosekani bibi ambaye ibada ikiisha husimama mlangoni na kikapu. Huyu humwomba maharage ya yatima, yule nauli ya mgonjwa wa kuteremka bondeni, na hakuna apitaye pale bila kuombwa. Watu humcheka kidogo, kisha hutoa. Tatizo ni kwamba aghalabu hesabu yote imo kichwani mwake. Nani aliahidi nini, mtoto gani apelekwe mazoezi ya viungo na siku gani, yeye ndiye daftari. Siku bibi akilala kitandani, kikapu hutundikwa ukutani, na mtoto yule hubaki ndani. Viungo vya mtoto havingoji mpaka apatikane bibi mwingine.

Hapo ndipo chama cha msingi kinapopasa kuingia. Mwaka 1995 Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ulikubali kanuni ya saba, yaani kuijali jamii. Kanuni hiyo hutimizwa kwa mambo madogo. Kwanza, halmashauri imwite bibi huyo, imsikilize kwa heshima, na majina ya wanaosaidiwa yaandikwe. Pili, kiwango cha msaada kiamuliwe na wanachama katika mkutano mkuu, kisikatwe kwenye malipo yao kwa siri. Tatu, vijana wawili wafuatane naye anapowazungukia wagonjwa, wazijue nyumba na njia. Nne, hesabu isomwe hadharani kama isomwavyo hesabu ya mazao.

Bibi asinyang'anywe kikapu. Hakuna karani awezaye kuomba kama yeye, wala mwenyekiti awezaye kumsimamisha tajiri njiani. Yeye na aendelee kuomba. Chama na kiandike, kitunze na kikabidhi. Kila mjumbe arudipo nyumbani na aulize swali moja: yule bibi wa mlangoni akikosekana Jumapili ijayo, ni nani anayejua mlango wa mtoto yule?