Mhuri wa Klabu ni Dhamana: Maneno kwa Klabu za Biashara za Wanafunzi

Hotuba ya Ofisa Uhusiano wa Polisi kwa wanafunzi wa vyuo vya mpakani, Busia



Tulipoipokea barua yenu ya mwaliko tulidhani mwataka tuje tuzungumze juu ya wizi wa simu. Tulipoisoma hadi mwisho tukakuta mmeuliza swali zito zaidi: klabu ya biashara ya wanafunzi ifanye shughuli gani ili mwanachama atoke chuoni akiwa mtu wa kazi, wala si mwenye cheti tu? Sisi si wahadhiri wa biashara. Hata hivyo mambo yakiharibika huletwa mezani petu, na kwa kuyasikiliza kwa miaka mingi tumejifunza yapi yalipaswa kufanywa mapema.

Turuhusuni tueleze kisa kimoja, bila kutaja chuo. Katibu wa klabu aliletwa kituoni na wenzake waliokuwa na hasira. Wiki chache kabla ya hapo, mgeni mmoja mwenye mavazi nadhifu alifika kwao akijitambulisha kuwa mwakilishi wa kampuni inayowatafutia wanafunzi nafasi za mafunzo ya kazi ng'ambo. Aliomba jambo dogo tu: klabu imwandikie barua ya kumtambulisha kwa wanachama, yenye mhuri. Katibu akaandika, akatia sahihi, akagonga mhuri. Wanachama walipoiona barua hiyo walituma ada ya usajili kwa simu, baadhi yao kutoka katika fedha za karo. Mgeni hakuonekana tena, na namba yake haikupatikana. Katibu hakuonja hata shilingi moja ya fedha zile, lakini jina lake ndilo lililokuwa chini ya barua. Mama mmoja muuza mahindi, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa waliolipa, alimwambia mbele yetu: "Mwanangu, mimi yule mtu simjui. Niliyemwamini ni wewe." Kijana aliinamisha kichwa. Yule binti alikosa kufanya mtihani muhula ule.

Kwa hiyo shughuli ya kwanza tunayoipendekeza ni kuchunguza. Kila mgeni anayetaka kusema na wanachama, iwe ameleta kazi, mkopo au semina, wateuliwe wanachama wawili wamchunguze kabla hajapewa jukwaa. Nchini Uganda majina ya biashara na kampuni husajiliwa, na usajili huo unaweza kuulizwa. Kampuni inayopeleka watu kufanya kazi nje ya nchi hutakiwa kuwa na leseni ya wizara inayohusika na kazi. Wachunguzi waandike walichokikuta, wasome taarifa yao mbele ya mkutano, na mhuri usigongwe kabla ya hapo. Hii ni kazi ya kitaalamu kabisa. Benki na makampuni makubwa huwalipa watu mishahara kwa kuifanya. Tena kumbukeni kwamba penye ahadi ya kazi ng'ambo hatari huenda ikazidi kupotea kwa ada. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2009 inamgusa anayemwajiri mtu kwa hila ili akamnyonye, hata kama mtu huyo alipanda basi kwa hiari yake.

Shughuli ya pili iko hatua chache kutoka hapa tulipoketi. Wanafunzi wa vyuo vya mbali husoma biashara ya kimataifa vitabuni. Ninyi mnaiona dirishani. Kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia kilizinduliwa na marais wa nchi zetu mbili mwezi Februari 2018, na msafiri au mzigo hukaguliwa upande mmoja tu, ule unaoingia. Lakini tumekutana na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wasiojua kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: shehena yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ya bidhaa zilizotoka katika nchi wanachama na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili papo hapo mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Kodi za ndani na vibali vya afya na ubora hubaki palepale, na hapo ndipo wengi hukwama.

Klabu ijifunze kukijaza cheti hicho, kisha iwasaidie akina mama wa sokoni kukijaza. Mama asiyejua haki yake hupita njia za panya usiku akiwa na trei za mayai kichwani, na huko hukutana na watu wanaomnyang'anya kila kitu. Wengine hudaiwa fedha zisizo na risiti. Tunasema hivi tukijua kwamba wamo wanaodai fedha hizo wakiwa wamevaa sare kama zetu. Mkidaiwa, ombeni risiti, someni jina na namba kifuani, kisha mje kwetu. Ikiwa sisi ndio mnaotulalamikia, nendeni kwa mkuu wa wilaya wa polisi; mlango wake hauko mbali.

Juu ya kuandika wasifu na kujibu maswali ya usaili hatutasema mengi, kwa kuwa walimu wenu wanayajua kuliko sisi. Ila fedha za klabu hatuwezi kuzipita. Zisikae katika laini ya simu ya mweka hazina. Fungueni akaunti yenye watia sahihi watatu, na daftari la mapato na matumizi lisomwe kila mwezi kwa sauti, hata kama kilichonunuliwa ni chai na mandazi. Tumewaona marafiki wa tangu shule ya msingi wakishitakiana kwa sababu ya fedha ambazo hakuna aliyeziiba, hazikuandikwa tu.

Tumekwisha kuzungumza na maofisa wa forodha, nao wako tayari kuzipokea klabu kwa makundi madogo siku isiyo ya soko. Walimu walezi watuletee majina kupitia dawati la polisi jamii. Kila mmoja aje na kitambulisho chake na kalamu. Mikoba mikubwa muiache chuoni, maana itakaguliwa kama mizigo mingine yote, na foleni pale ni ndefu.