Mazungumzo na Vijana Wanaokwenda Migodini



Tumesikia baadhi yenu mnataka kuacha nyavu za dagaa mkatafute kazi ya mgodi, na wengine wanataja makaa ya mawe huko kusini. Hatuwazuii, kazi ni kazi. Ila sisi ziwani tumezoea hatari inayoonekana: wingu linapanda, upepo unageuka, mtu anarudisha mtumbwi pwani. Shimoni si hivyo.

Makaa ya Ngaka, kule Mbinga, yanachimbwa juu, mtu analiona jua. Kiwira, wilayani Ileje, ni mambo mengine. Mgodi ule, uliojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1988, ni wa kuingia chini ya ardhi. Makaa yaliyolala chini yana gesi yake, methani, haina rangi wala harufu. Ikikusanyika pasipo feni ya kuisukuma nje, cheche moja yatosha: kiberiti, sigara, waya uliochubuka. Mlipuko hutimua vumbi la makaa, vumbi nalo linashika moto, basi moto unakimbia njia zote. Ndivyo ilivyokuwa Wankie, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, tarehe 6 Juni 1972. Waliokufa walizidi 420, na wengi wao hawakutolewa kabisa. Tena ule ulikuwa mgodi mkubwa wenye mainjinia, sembuse duara la watu watano!

Baada ya moto inabaki hewa mbaya nyingine, kaboni monoksaidi. Hii hata hapa Kibirizi tunayo. Ni ile ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa mvua, dirisha likafungwa. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja, kwisha. Akina mama, na akina baba pia, jiko lilale nje.

Sasa sikilizeni hili hasa. Mwenzako akianguka shimoni kimya kimya, usimfuate. Twajua ni vigumu. Sisi watu wa ziwa tumelelewa kumrukia anayezama. Lakini kisimani, kwenye shimo la choo, mgodini, hewa iliyomwangusha wa kwanza inamngoja wa pili, na wa tatu. Piga kelele, watu waje, hewa iingizwe, ashuke mwenye kifaa cha kupumulia. Na kamba ifungwe kiunoni kabla ya kushuka, ili avutwe na walio juu.

Paa nalo huanguka. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, mgodi wa dhahabu, watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Walikula mende na vyura. Watu wanasimulia kama muujiza; sisi tunasema tazameni matimba kwanza.

Kwa hiyo ulizeni kabla ya kuingia: Feni ipo? Gesi inapimwa na nani, saa ngapi? Njia ya pili ya kutokea ni ipi? Msimamizi akikasirika kwa maswali hayo, mmeshajibiwa.

Wanaoondoka wapite kwa katibu waandikishe mgodi wanaokwenda na jina la ndugu wa kupelekewa habari. Daftari liko mezani. Kalamu mje nayo, ya ofisi imekwisha wino.