Kuondoa Programu ya Ufuatiliaji kwenye Seva za Hospitali Bila Kuzima Huduma

Maandishi ya mada kwa maafisa wa rekodi za afya, wauguzi na mafundi wa TEHAMA, Kisegi



Mvuvi wa Nyandiwa hufuata samaki. Msimu huu yuko Gwassi, msimu ujao yuko Sori upande wa Migori, na akirudi anapitia Kisegi kuchukua dawa zake. Akifika dirishani, karani huandika nambari yake, kompyuta huiuliza seva, na seva hujibu. Ikijibu, mvuvi anaondoka kabla jua halijawa kali. Isipojibu, karani anafungua kabati la mafaili ya karatasi na foleni inaanza kujikunja uani. Wapo wanaochoka na kuondoka bila dawa. Kwa hiyo kazi ya kuondoa programu moja ndogo kwenye seva, programu ambayo mgonjwa hajawahi kuiona, inamhusu mgonjwa kuliko inavyodhaniwa.

Rekodi za kielektroniki si jambo geni nchini. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Kaunti ya Nandi, kilianza kutumia mfumo wa rekodi wa kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Watu wa kazi ile walikuwa miongoni mwa walioanzisha OpenMRS mwaka 2004, na juu ya OpenMRS ndipo ilipojengwa KenyaEMR, inayotumika sasa katika vituo vingi vya serikali. KenyaEMR huwekwa kwenye seva za Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Linux nayo ilianza mwaka 1991 kwa kufuata mwenendo wa UNIX, mfumo uliozaliwa katika maabara za Bell mwaka 1969. Ndiyo sababu fundi wa Suba Kusini akifungua dirisha la amri anatumia amri nyingi zilezile za mhandisi wa benki kubwa ya ng'ambo, na makosa yao pia hufanana.

Mahali pasipotaka huduma kukatika, seva hazifanyi kazi peke yake. Huunganishwa mbili, tatu au zaidi zikawa klasta, yaani kundi linaloonekana na watumiaji kama mashine moja. Seva za klasta hutumiana ishara fupi kila baada ya sekunde chache. Moja ikinyamaza, nyingine huichukua kazi. Tena haichukui kwa upole. Kabla ya kugusa diski ya pamoja, huhakikisha mwenzake amezimwa kabisa, hata kwa kumkatia umeme, maana seva mbili zikiandika kwenye diski moja bila mpangilio, rekodi huharibika. Jambo hili likumbukwe, kwa kuwa huko mbele ndiko shida inakotokea.

Programu ya ufuatiliaji ina sehemu mbili. Iko sehemu ya kati, inayopokea taarifa na kupiga kengele. Na iko programu ndogo inayoishi ndani ya kila seva, ambayo mafundi huiita ajenti. Ajenti huangalia kama diski inajaa, kama kumbukumbu inatosha, kama hifadhidata iko hai, kisha hupeleka habari kwenye sehemu ya kati. Nagios na Zabbix ni mifano inayofahamika sana. Ili ifanye kazi yake, ajenti hupewa ruhusa ya kuingia mahali ambapo hata karani mkuu haingii.

Basi kwa nini iondolewe? Mara nyingi ni jambo la kawaida tu: mkataba umekwisha, leseni inalipiwa kwa kila seva na bajeti haitoshi, au programu imezeeka kiasi kwamba haitengenezewi viraka tena. Mara nyingine ajenti yenyewe inakula kumbukumbu kuliko mfumo inaoulinda. Wakati mwingine sababu ni kubwa zaidi.

Mwezi wa Desemba 2020 kampuni ya usalama ya FireEye iligundua kwamba wadukuzi walikuwa wamepandikiza msimbo wao ndani ya Orion, programu ya ufuatiliaji ya kampuni ya SolarWinds ya Texas. Walioiamini programu hiyo waliupokea msimbo huo kama sasisho la kawaida lenye sahihi halali ya mtengenezaji. SolarWinds ilisema wateja wasiozidi 18,000 walikuwa wameweka toleo lile. Tarehe 13 Desemba, CISA, mamlaka ya usalama wa mitandao ya Marekani, iliziagiza idara za serikali ya shirikisho zikate Orion kutoka kwenye mitandao yao, na zikapewa hadi adhuhuri ya siku iliyofuata. Orion yenyewe hukaa kwenye mashine ya Windows, lakini hufuatilia vifaa vya kila aina, na kwa sababu hiyo huwa inatunza funguo za nyumba nzima. Idara isiyokuwa na orodha ya mahali programu ilipowekwa ingelazimika kuitafuta siku ileile ilipotakiwa kuwa imeshaikata.

Orodha, basi, ndiyo kazi ya kwanza, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Fundi huandika kila seva ya klasta, toleo la ajenti lililomo, akaunti inayotumia, na mlango wa mtandao uliofunguliwa kwa ajili yake. Ajenti ya Zabbix kwa kawaida husikiliza mlango 10050, ile ya Nagios iitwayo NRPE mlango 5666. Daftari la shule linatosha kwa kazi hiyo, mradi lijazwe.

Kisha linakuja swali ambalo jibu lake huamua kila kitu: je, ajenti imewekwa pembeni tu katika kila seva, au imeandikishwa ndani ya klasta yenyewe kama mojawapo ya huduma zake?

Ikiwa iko pembeni, kazi ni nyepesi. Ikiwa imeandikishwa, mtego uko hapo. Chukua klasta ya seva mbili inayoendeshwa na Pacemaker, programu inayotumika sana kwenye Linux. Huduma zimepangwa katika kundi moja: anwani ya mtandao, diski ya pamoja, ajenti, hifadhidata, halafu mfumo wa rekodi. Fundi asiyejua anaingia seva ya kwanza na kuifuta ajenti kama anavyofuta programu yoyote. Klasta inaona huduma yake imekufa, inajaribu kuiwasha, haiwezi kwa sababu faili hazipo. Inahamisha kundi zima hadi seva ya pili. Wakati wa kuhama, makarani wote wanaona skrini zimeganda. Fundi, akidhani amemaliza upande mmoja salama, anafuta ajenti seva ya pili pia. Sasa klasta haina pa kuiwashia. Na kwa kuwa katika kundi la Pacemaker huduma ya nyuma haiwashwi kama ya mbele yake imeshindwa, hifadhidata inabaki imezimwa, na mfumo wa rekodi pia. Hakuna kifaa kilichoharibika, wala hakuna data iliyopotea. Klasta imefanya kile ilichoandikiwa kufanya, huku uani foleni ikirefuka.

Njia salama ni kuanza na klasta, faili zifuate. Kabla ya lolote, nakala ya akiba ya hifadhidata huchukuliwa na kujaribiwa. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haifai kuhesabiwa kuwa nakala. Mipangilio ya klasta nayo hunakiliwa. Kisha ajenti huzimwa kengele zake kwenye sehemu ya kati, ama sivyo simu za maafisa zitalia usiku kucha zikisema seva imekufa, na siku itakapokufa kweli hakuna atakayeamka.

Halafu fundi huiondoa ajenti katika orodha ya huduma za klasta kwa amri ya klasta yenyewe. Kwa Pacemaker ni pcs resource delete ikifuatiwa na jina la huduma. Amri hii hutolewa mara moja, kutoka seva yoyote, na klasta huzipasha nyingine habari. Husimamisha ajenti na kuisahau. Wako wanaopendelea kuiweka klasta yote katika hali ya matengenezo kwanza. Hali hiyo ina kazi yake, lakini ieleweke kwamba wakati huo huduma zinaendelea bila mwangalizi, na seva ikianguka hakuna itakayoichukua kazi. Isiachwe hivyo fundi akaenda kula.

Baada ya hapo ndipo faili huondolewa, na huanzwa kwa seva iliyopumzika, ile isiyohudumia mtu. Kwenye Ubuntu, amri ya apt remove huacha faili za mipangilio nyuma. Ya kuzifuta ni apt purge. Kwenye mifumo ya zamani ya UNIX amri ni nyingine: Solaris hutumia pkgrm, HP-UX hutumia swremove, AIX hutumia installp. Seva hiyo huachwa siku moja au mbili ikitazamwa. Kisha, saa ambayo kliniki haina watu, huduma huhamishiwa kwake kwa makusudi, na ile iliyokuwa inafanya kazi husafishwa nayo. Anayetaka kuzifanya zote mbili alasiri moja ili awahi gari la Homa Bay hana haraka yenye maana. Safari ya kurudi kurekebisha ni ndefu zaidi.

Kuondoa programu si kuondoa kila ilichokileta. Hubaki akaunti ya mtumiaji iliyoundwa kwa ajili yake, kazi zilizopangwa kujiendesha saa fulani, funguo za kuingilia kutoka mbali, ruhusa za msimamizi, mtumiaji wake ndani ya hifadhidata, na ule mlango wa mtandao uliofunguliwa siku ya kwanza. Faili alizoziweka kwenye diski ya pamoja huonekana tu na seva inayoishika diski wakati huo, kwa hiyo seva iliyopumzika inaweza kuonekana safi huku uchafu uko upande wa pili. Tena kama kaunti au mshirika anatumia Ansible au Puppet kusimamia seva nyingi kwa pamoja, ajenti ifutwe huko pia. Vinginevyo usiku itarudishwa, na asubuhi fundi atadhani alikuwa anaota.

Lipo suala la sheria, nalo si la mafundi peke yao. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya VVU nchini. Programu inayofuatilia hifadhidata huweza kunakili maswali yanayoulizwa, na swali lenyewe huwa na nambari au jina la mgonjwa. Ajenti inayoendelea kutuma taarifa kwa kampuni ambayo mkataba wake umekwisha inaweza basi kuwa inapeleka nje jina la mtu na kliniki anayohudhuria. Kifungu cha 31 cha Katiba hulinda faragha, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2006 hulinda siri ya hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka anayechakata data kwa niaba ya mwingine awe na mkataba wa maandishi. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data hujulishwa ndani ya saa 72 tangu kujulikana. Kwa hiyo kampuni inayoondoka hutakiwa kueleza kwa maandishi kilichokusanywa kiko wapi na kimefutwa lini. Barua hiyo hukaa kwenye faili la mkataba, pamoja na lile daftari.

Hata hivyo haifai seva ibaki gizani. Mwishoni mwa Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa kwa mafuriko ya maombi ya uongo na Wakenya wengi wakakosa huduma, na katika hali kama hiyo asiye na ufuatiliaji husikia habari kutoka kwa wananchi walioudhika. Jambo la kawaida zaidi ni diski kujaa kidogokidogo hadi hifadhidata isimame siku ya kliniki. Kwa hiyo mfumo mpya huwekwa kwanza, hukaa pamoja na wa zamani kwa wiki kadhaa, kengele zao hulinganishwa, ndipo wa zamani huondoka. Pasipokuwa na fedha za mpya, karani anaweza kufundishwa kuandika df -h kila asubuhi na kunakili asilimia ya diski iliyotumika. Ikipita 80, anampigia fundi simu.

Kazi hufungwa kwa jaribio moja. Saa ya utulivu, karani akiwa amekaa mbele ya kompyuta yake, fundi huizima seva inayofanya kazi. Karani hufungua rekodi ya majaribio, huhesabu sekunde hadi ifunguke kutoka seva ya pili, na kuziandika. Kisha ya kwanza huwashwa, huduma hurudishwa kwake, na karani huhesabu tena.